Mlango wa gari ukilia "dup" ndo gari ni imara?

Kila zikiingia gari mpya mjini, hasa hizi za Kichina zinazokuja kwa kasi siku hizi, lazima ukutane na zile klipu. Jamaa anafungua mlango, anaufunga, anakuangalia, anaufunga tena, halafu anasema "umeisikia hiyo?" Kisha anahamia kwenye kigari kidogo cha Kijapani cha miaka ya nyuma huko, anabamiza, inalia "kweche", na hapo chini kwenye komenti watu wanaanza kutoleana maneno. Kuna wanaosema dup ndo chuma chenyewe na kweche ni kopo la maziwa ya unga. Kuna wanaosema mlio wote umetengenezwa maabara, ni usanii mtupu, usidanganyike. Sasa kila upande hapo una kipande cha ukweli, ila vimechanganywa mpaka havieleweki, kwa hiyo tuvitenganishe taratibu.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Bidhaa inaweza kukutolea sauti za namna tatu. Kuna mlio wa kitu chenyewe, ambao hamna mtu aliyeupanga, vyuma vimegongana, hewa imetoka, mota imezunguka, basi. Kuna mlio wa kuchongwa, bado unatoka kwenye kitu chenyewe ila kuna mhandisi amekaa nao, hapa kaongeza mpira, pale kapunguza mtetemo, mpaka ukawa anavyoutaka. Halafu kuna mlio wa kubandika, huo unatoka kwenye spika na kitu kingefanya kazi vilevile bila huo. Ukipiga picha na simu ikalia "kacha!" mle ndani hamna kipazia kinachofunguka na kujifunga kama kwenye kamera za zamani, ni faili la sauti limechezwa. Na usidhani cha kubandika lazima kiwe cha kudanganya, Japani na Korea Kusini simu zinazouzwa huko kwa kawaida huo mlio huwezi kuuzima, makusudi, ili mtu asipigwe picha kimyakimya bila kujua.

Ubishi mwingi unatokana na watu kuongelea hizi namna tatu kana kwamba ni moja.

Tuanze na ule wa kwanza kwa sababu huo tunautumia tangu zamani na tunautumia vizuri tu. Mtu anayenunua matofali ya kuchoma anagonganisha mawili, yakilia "ting" anajua yameiva, yakilia "bu" anajua ni udongo uliopashwa moto tu. Nazi unaitikisa sikioni usikie maji, ikiwa kavu kabisa unairudisha. Maji ya chupa ya stendi, wengi tunasubiri ile "kra" ya kizibo kukatika kwenye pete yake, isiposikika unaanza kujiuliza hii chupa ilishajazwa na nani. Chupa za jam na za vyakula vya watoto zile za mfuniko wa bati, katikati ya mfuniko kuna kakitufe kamebonyea kwa sababu ndani hewa imenyonywa, ukifungua kanaruka "top!", na kama hakakuruka basi hewa ilishaingia siku nyingi. Nenda kwa kinyozi yeyote mzoefu, mashine zile za kuchomeka ukutani, zinazotikiswa na sumaku, ukiwasha zinapiga "tak!" halafu zinaunguruma. Zinafuata umeme wa ukutani, kwetu umeme ni hezi 50, kwa hiyo blade inakwenda kama mara 6,000 kwa dakika, na umeme ukishuka mlio unabadilika unakuwa wa kugongagonga, kinyozi anachukua bisibisi anakaza au analegeza ile skrubu ya pembeni huku kainamisha sikio mpaka mlio utulie. Hapo hatumii kipimo chochote, anatumia sikio.

Kwa nini inawezekana? Kwa sababu sauti ni mtetemo, na kitu kinatetemeka kulingana na kilivyo, uzito wake, unene wake, kimejaa au kina uwazi, kina ufa au hakina. Kitu kikubwa kizito kinatoa sauti nene. Kitu chembamba cha chuma kinatoa sauti nyembamba na inaendelea kulia baada ya kugongwa. Kitu chenye ufa au kilichojaa takataka ndani kinameza mtetemo, sauti inakufa palepale.

Sasa hapa ndipo pa kushika vizuri. Tofali likilia "ting" ni zuri, mlango wa gari ukilia "ting" ni mbaya. Glasi ikilia kwa muda mrefu tunasema hiyo glasi ya maana, sufuria ikilia hivyo hivyo tunasema jepesi hili litaungua wali. Fizikia ni ileile. Yani mlio unakwambia kitu kimekaaje, mambo ya kizuri au kibaya tunaongeza sisi kichwani kwa mazoea yetu. Na kwenye hiyo nafasi kati ya "kimekaaje" na "ni kizuri", ndo viwanda vimeingia na kuweka meza.

Ubongo nao unasaidia sana kutuponza, maana hauchukui sauti peke yake, unaichanganya na unachogusa, unachoona na unachotafuna, halafu unakuletea jibu moja ambalo unaliona ni la mkononi au la mdomoni kumbe nusu limetoka sikioni. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Finland, Veikko Jousmäki na Riitta Hari, waliwawekea watu hedfoni, wakawaambia wasugue viganja vyao, sauti ya kusugua ikapita kwenye mashine na kurudi masikioni. Walipoongeza zile sauti nyembamba za juu watu wakahisi ngozi imekauka, kama karatasi ngumu. Ngozi ni ileile, hamna aliyeibadilisha, kilichobadilishwa ni sauti tu.

Miaka michache baadaye Massimiliano Zampini na Charles Spence wa Oxford wakafanya kama hiyo kwenye kula. Wakatumia krispi za Pringles, kwa sababu zile zote zina umbo moja na ukubwa mmoja, ukitumia krispi za kukaanga mtaani kila moja italia kivyake. Mtu anang'ata mbele ya maiki, anajisikia kwenye hedfoni. Wakipandisha sauti, au wakiongeza tu zile za juu, mtu anasema hii ni kavu, fresh kabisa. Wakishusha anasema hii imelala. Krispi zote zilikuwa sawa. Utafiti ulitoka 2004, na 2008 ukapewa zawadi ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaokuchekesha kwanza halafu unakufanya ufikiri. Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi najua krispi fresh na iliyolala kwa ulimi", mwambie sawa, ila aongeze na sikio.

Lakini isije mtu akachukua hapo akasema basi sauti kubwa ndo inauza. Kampuni ya Frito-Lay ya Marekani ilijaribu kitu kizuri tu, ikaleta mfuko wa krispi zake za SunChips unaooza, wa plastiki inayotokana na mimea. Plastiki ile ilikuwa ngumu kuliko ya kawaida, ukiushika mfuko ni "kwachakwachakwacha" nyumba nzima inajua unakula nini. Watu wakaanza kuutania mtandaoni, wakaunda mpaka grupu la Facebook la kusema samahani sikusikii kwa sababu ya huu mfuko, na 2010 kampuni ikaurudisha ule wa zamani kwa ladha nyingi nchini Marekani. Mlio wa mfuko kidogo unasaidia kukuaminisha kuwa ndani mna kitu kikavu, ukizidi unakuwa kelele. Kipimo hapo ni mlio unaolingana na kitu ambacho mtu anakitegemea, na watu walitegemea mfuko wa krispi, wakapewa kitu kama turubai kwenye upepo.

Haya, turudi kwenye mlango.

Mlango wa gari ukiuvua mapambo ni bati kubwa jembamba limekazwa pembeni, ni ngoma hiyo, na ngoma ukiipiga inalia mpaka uiwekee kiganja. Wahandisi wanachofanya ni kuweka hicho kiganja. Upande wa ndani wa bati wanabandika vipande vya lami maalumu au vitu vya namna hiyo, bati linakuwa zito kidogo na mtetemo unakufa haraka, ile "ang" ya mwishoni inapotea. Halafu pembeni kuna raba, nyingine zimewekwa za tabaka mbili, zinapokea mlango polepole. Halafu kuna loki yenyewe, ile ndoano inayokamata chuma cha kwenye bodi, wengine wanaivisha plastiki ili chuma kisigonge chuma, na mpigo wake usikike mmoja, usiwe "kre-kre". Ukijumlisha unapata mpigo mfupi, mnene, unaokatika. Dup.

Kwa hiyo wanaosema umetengenezwa wako sahihi, ni mlio wa kuchongwa, kuna watu wanalipwa kwa kazi hiyo na wanarekodi na kupima. Ila siyo usanii mtupu, maana raba nzuri inazuia vumbi na maji na kelele za barabarani kweli, loki ikikaa sawa haigongigongi kwenye rasta, na kampuni iliyohangaika na mlango kwa kawaida imehangaika na mambo mengine pia. Kwa kawaida, siyo lazima. Bati la lami siyo ghali, mtu anaweza kuweka dup kwenye mlango na akabana matumizi kwenye gia boksi ambayo huisikii shoruumu.

Uongo wenyewe unaosambaa ni ule wa kusema dup maana yake ukigonga utapona. Hapana jamani. Kupona kwenye ajali ni mambo ya fremu, aina ya chuma kilichotumika kwenye nguzo za bodi, ile bomba ya chuma iliyolala ndani ya mlango kuzuia kugongwa ubavuni, mkanda, eabegi, na namna mbele ya gari ilivyopangwa ijikunje yenyewe ili nguvu isikufikie. Euro NCAP, lile shirika la Ulaya la kupima usalama wa magari, wanapopima gari wanaligongesha kwelikweli, hawasikilizi mlango. Gari yenye kweche inaweza kukulinda vizuri, yenye dup ikakuacha.

Na kuna jambo lingine linalowachanganya watu, mlango kuwa mgumu kufunga kwenye gari mpya. Utasikia "mlango mzito huu, gari ya chuma." Mara nyingi ni hewa. Gari ikizibwa vizuri, mlango unapokuja unasukuma hewa ndani na hewa haina pa kwenda, inakupa upinzani. Watengenezaji wanaacha matundu ya kutolea hewa huko nyuma, mengi yamefichwa nyuma ya bampa. Jaribu mwenyewe, shusha kioo kimoja halafu funga mlango, utaona umekuwa mwepesi ghafla. Chuma hakijapungua.

Nikiulizwa mimi, mlango unapata lawama nyingi kuliko unavyostahili, mahali tunapopigwa kweli ni kwenye sabufa.

Wewe fikiria unavyonunua sabufa Kariakoo. Unaingia dukani, kuna sabufa ishirini zimepangwa, muuzaji anawasha moja, anapandisha, kifua kinatikisika, unalipa. Unafika nyumbani, unaweka sauti ya kawaida kwa sababu kuna majirani na mtoto kalala, na besi imepotea, unahisi umebadilishiwa mzigo. Hujabadilishiwa. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara ya Bell Labs, Marekani, walichora jinsi sikio linavyosikia, wakaonyesha kwamba sauti ikiwa chini sikio letu linakuwa zito kusikia besi, na kadiri unavyopandisha ndo besi inavyokuja. Spika ileile, wimbo uleule, ikiwa juu inasikika nene na tamu, ikiwa chini inasikika kavu. Na ukilinganisha spika mbili, ambayo imepandishwa kidogo tu kuliko mwenzake watu wengi watasema hiyo ndo nzuri, hata hawajui kwamba kilichozidi ni sauti. Ndo maana wanaopima spika kwa umakini kwanza wanazisawazisha zote ziwe na sauti sawa halafu ndo wanasikiliza. Dukani hakuna anayekusawazishia, na kama kuna sabufa wanataka iondoke leo, nadhani unajua ipi itapandishwa.

Halafu ukigeuza boksi unakuta P.M.P.O. wati elfu kumi na ngapi sijui. Hiyo namba haina kipimo kimoja kinachokubalika, kila kiwanda kinajipigia hesabu yake ya nguvu ya kilele cha sekunde sifuri nukta kitu ambayo hutaisikia maisha yako yote. Tafuta palipoandikwa RMS, hiyo ndo nguvu inayotoka mfululizo, na mara nyingi utakuta ni ndogo mpaka unacheka. Au geuza mashine yenyewe nyuma uangalie inavuta wati ngapi ukutani, kama inavuta wati 60 haiwezi kuendelea kutoa elfu kumi, labda kama imeunganishwa na bwawa la umeme.

Kwenye pikipiki hivyo hivyo. Kuna imani kwamba pikipiki inayolia sana ina nguvu, vijana wanatoboa ekzosi, wanatoa mle vyumba vya kumeza sauti, na kweli dereva anahisi imekuwa kali, kwa sababu tushaona kwamba sikio linamwambia mwili nini cha kuhisi. Ila ekzosi kuitoboa tu bila kurekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa hakuongezi nguvu ya maana, wakati mwingine inapungua, kilichoongezeka ni majirani kukuchukia. Mlio kuwa utambulisho hilo ni jambo jingine na linaheshimika, Harley-Davidson walijaribu 1994 kuusajili mlio wa injini zao kama alama ya biashara Marekani, ule wa kukwamakwama unaotokana na silinda mbili zilizokaa pembe ya V na zinazowaka kwa zamu zisizolingana. Washindani wakapinga, kesi ikavutwa miaka, 2000 wakaiacha wenyewe.

Sasa ule wa kubandika kabisa. Injini zimekuwa ndogo na kimya, na mtu aliyelipia gari ya spidi anataka kusikia kitu, kwa hiyo kampuni zikaanza kucheza mlio wa injini kupitia spika za ndani, BMW walifanya hivyo kwenye M5 iliyotoka miaka ya 2011 na 2012, na kelele za mashabiki zilikuwa kubwa kuliko injini. Mimi naona hasira yao ilikuwa ya haki kidogo, mtu hapendi kugundua kwamba alichokuwa anakisifia ni spika. Kwenye gari za umeme BMW wakaenda mbele zaidi, wakamwita Hans Zimmer, yule mtunzi wa muziki wa filamu, awatungie sauti.

Hapa watu wanachanganya mambo mawili tena. Ile sauti ya ndani ni burudani, mara nyingi unaweza kuizima. Ile ya nje, gari ya umeme ikitembea taratibu inatoa kamlio kama ka chombo cha angani, hiyo ni sheria. Umoja wa Ulaya ulianza kulazimisha Julai 2019 kwa modeli mpya, na Julai 2021 kwa gari zote mpya, gari itoe sauti ikiwa chini ya kilomita 20 kwa saa na ikirudi rivasi. Marekani wao wameweka mpaka kama kilomita 30. Sababu ni watembea kwa miguu na hasa wasioona, ambao walikuwa wanavuka barabara kwa kusikiliza injini na sasa injini haipo. Ukizidi spidi hiyo matairi na upepo vinatosha. Kwa hiyo anayesema "wameweka mlio feki ionekane ina nguvu" amekosea mlio. Sheria hizo za Ulaya zinagusa gari, basi na lori, pikipiki hazimo, na boda ya umeme unaweza kuja kuishtukia iko kwenye kiwiko chako.

Mwisho swali linaloulizwa sana, je sikio lina kazi yoyote ukienda kununua gari iliyotumika? Linayo, tena kubwa, ila usilipe kazi ya kusema nzuri au mbaya, lipe kazi ya kulinganisha. Usifananishe mlango wa IST na wa Benzi, fananisha milango minne ya IST hiyohiyo. Mmoja ukilia tofauti na wenzake uliza kwa nini, inaweza kuwa raba imechoka, inaweza kuwa kioo kimelegea ndani, inaweza kuwa mlango umetolewa kwenye gari nyingine. Kisha gonga bodi kwa kifundo cha kidole, kuanzia mbele kwenda nyuma, kidogo kidogo. Bati tupu linalia, ukifika mahali sauti inakufa "bu bu" ghafla na upande wa pili pale pale haifi, kuna uwezekano mkubwa pale kuna puti, yani ule mchanganyiko wa kujazia mabonde kwenye bati, gari imegongwa ikanyooshwa, toa kasumaku mfukoni uhakikishe, kwenye puti nene hakashiki vizuri. Ona basi, mlio mfu uleule uliokuwa unasifiwa kwenye mlango hapa ni habari mbaya.

Injini isikilize ikiwa ya baridi, ukikuta muuzaji kashaiwasha na kuipasha kabla hujafika rudi kesho asubuhi. Na ukipanda kuijaribu kama kafungulia muziki mwambie azime, pandisha vioo vyote, pita kwenye barabara mbovu polepole, halafu washa AC, kompresa ikiingia injini inashuka kidogo na kurudi. Akisema redio haizimiki, shuka.